Umempiga mtu mdomoni na mkono umevimba: kale kakidonda ndo ka kuwahi

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma ulichoandika mara mbili, naomba nikirudie kwa kifupi ili na mwingine mwenye shida kama yako aelewe tunaongelea nini. Una miaka 24, konda wa hiace hapo Arusha, unakaa Ngarenaro. Jumamosi saa mbili usiku mligombana stendi kisa abiria, ukamtandika mwenzio ngumi ya mdomo kwa mkono wa kulia. Sasa kifundo cha kidole kidogo kimezama, ukifunga ngumi hukioni, mgongo wa kiganja umevimba, na juu ya kifundo cha kidole cha kati kuna "kamchubuko tu kama punje ya mchele". Mama anakukanda maji ya moto na chumvi asubuhi na jioni. Vidole unavisogeza kwa hiyo unaamini hakuna kilichovunjika. Unauliza utapona lini, na ufanyeje ngumi ikomae isikuumize tena, maana kuna jamaa kakwambia uwe unapiga ukuta kila asubuhi.

Nitakujibu yote ila sio kwa huo mpangilio, naanza na punje ya mchele. Leo ni jumanne asubuhi. Ukishamaliza kusoma hapa nataka uvae viatu uende hospitali ya Mount Meru, usisubiri kesho, usisubiri siku ya kupumzika gari, mwambie dereva atafute deiwaka wa kukushikia.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, nipo Moshi, mikono iliyoumia ndo kazi yangu ya kila siku, na ujanani nilicheza ngumi za ridhaa kwa hiyo naijua ngumi kwa pande zote mbili. Nakwambia kwa niliyoyaona kwa macho yangu, mfupa wa kidole kidogo uliovunjika karibu kila mtu anapona nao vizuri. Vidole nilivyoona vinakatwa au vinabaki vimekakamaa kama mti baada ya ugomvi, vingi vilianza na kakidonda kadogo ambako mwenyewe alikaita mchubuko.

Fanya hivi sasa hivi kwa mkono wa kushoto ulio mzima. Funga ngumi kabisa afu angalia ngozi ya juu ya kifundo cha kati, imevutika mpaka inang'aa. Chini yake kuna kano, ile kamba inayonyanyua kidole, na chini ya kano kuna mfuko mwembamba wa jointi yenyewe. Hapo hakuna nyama ya kukinga, vyote vimelaliana, jino likiingia milimita chache tu limeshafika ndani ya jointi. Sasa fungua vidole taratibu. Umeona ngozi ilivyorudi ikajikunja? Na kano nayo imeteleza kurudi nyuma, ila haitelezi sawa na ngozi. Yaani matundu yale ya ngozi, ya kano na ya mfuko wa jointi yaliyokuwa yanatazamana wakati wa ngumi sasa yamepishana, kila moja limezibwa na kilichopo juu yake, na mate ya yule jamaa yamebaki yamefungiwa ndani. Nje unaona punje ya mchele imekauka vizuri. Unaweza ukamwaga spiriti chupa nzima juu yake na isifike kwenye uchafu wenyewe, ndo maana maji ya chumvi hayakusaidii kwa hilo, sio kwamba mama kakosea kukupenda.

Mdomo wa binadamu una bakteria wengi sana, na kuna mmoja anaitwa Eikenella corrodens ambaye anakaa kwenye meno ya watu wazima wenye afya zao kabisa. Huyu flajili peke yake haimfanyi kitu, erithromaisini hivyo hivyo, kwa hiyo ile tabia ya kwenda duka la dawa ukasema nipe za elfu mbili za kidonda, hapa itakuponza, utameza siku tatu utapata nafuu ya uongo huku jointi inaliwa ndani kwa ndani. Gegedu, ile laini nyeupe unayoiona mwisho wa mfupa wa kuku, ndo inayoliwa, na ikishaliwa hairudi.

Kuna fundi wa kuchomelea wa Pasua, hapa hapa Moshi, alikuja kwetu, namkumbuka kila nikiona kidonda kama chako. Alipigana baa, akamkuta mtu kwenye meno ya mbele, akaogopa mambo ya polisi, kwa hiyo sehemu ya kwanza alipokwenda kutibiwa akasema amejikata na bati. Wakamwamini, na mtu aliyejikata na bati safi unamsafisha unamshona, ndo walichofanya, wakamshona nyuzi mbili safi kabisa. Yaani wakafunga mlango na mwizi yupo ndani. Siku ya tano kidole kilikuwa kimenona kama soseji, kimejikunja nusu hakinyooki, ukigusa kinachemka, na ile harufu mimi niliisikia kabla hajafungua bandeji. Alioshwa kwenye chumba cha upasuaji mara tatu. Kidole kilibaki, ila hakikunji, na ule mkono ndo ulikuwa wa kushikia mashine. Uongo wa bati ulimgharimu kuliko ile ngumi.

Kwa hiyo we ukifika usiseme umejikata, usiseme umeanguka na boda. Sema hivi: nimempiga mtu mdomoni, hili ni jino. Hayo maneno yanabadilisha matibabu yote. Watajua hicho kidonda hakishonwi, kinafunguliwa kinaoshwa kwa maji mengi ya dripu kinaachwa wazi, watakuandikia antibayotiki inayofaa kwa jino la mtu (mara nyingi ni amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, mwenye aleji ya penisilini aseme mapema), watakuchoma sindano ya pepopunda kama hukumbuki ulichoma lini, na watapiga eksirei ambayo inaonyesha mfupa lakini pia wakati mwingine inakuta kipande cha jino kimebaki humo ndani. Ndiyo, kipande cha jino. Nimekiona.

Na kuna suala la muda, hapo nakuomba unisikilize vizuri. Kama jamaa alitoka damu mdomoni, na ngumi ya mdomo mara nyingi mtu anatoka damu, damu yake inaweza kuwa imeingia kwenye jeraha lako. Uwezekano wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa njia hiyo ni mdogo lakini upo, na dawa za kuzuia, wanaziita PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndo bora, afu unameza siku 28. Umepigana jumamosi saa mbili usiku. Saa 72 zako zinaisha leo saa mbili usiku. Ulizia pale pale, watakuelekeza upande wa CTC, yaani kliniki ya huduma za VVU, watakupima kwanza, na uliza pia habari ya homa ya ini B. Usione aibu, wale watu kazi yao ndo hiyo.

Kuhusu PF3 najua ndo kinachokutia uvivu. Ukiumia kwenye ugomvi utaulizwa hiyo fomu, kwa hiyo pitia kituo cha polisi kilicho njiani, waeleze kilichotokea, chukua, nenda. Najua na wewe una kesi yako na huyo mwenzio, hayo mtayamaliza, ila mkono hauwezi kusubiri myamalize. Ukiona huko kunachelewesha na mkono umeanza kuchemka, nenda hospitali moja kwa moja uwaambie hali halisi.

Utajuaje kama infeksheni imeshaanza? Watu wanasubiri waone wekundu, na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, wengi wanachelewa kwa sababu hiyo. Tumia mgongo wa mkono wako wa kushoto, gusa kifundo cha kati cha kulia kisha gusa kifundo hicho hicho cha kushoto, linganisha joto. Afu mtu mwingine akushike kidole cha kati akisogeze yeye taratibu, we ukiwa umelegeza. Kama kusogezwa kidogo tu kunakufanya uruke, hilo ni la jointi. Angalia pia kama ngozi ya hapo inang'aa kuliko jirani zake, kama tezi ya kwapa inauma, kama usiku umetetemeka. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha. Na hata kama hauna hata kimoja bado unaenda, maana lengo ni kuosha kabla hivyo havijaja.

Haya, mfupa. Unasema vidole vinasogea kwa hiyo haujavunjika. Hii naisikia karibu kila siku na sio kweli, kinachosogeza kidole ni kano na misuli, mfupa unaweza kuwa umekatika na kidole kikaendelea kusogea, kwa maumivu tu. Kifundo kuzama ni dalili yenyewe hasa. Mkono una mifupa 27, mitano ndo ya kiganja, na ule wa kidole kidogo ndo mwembamba na una mchezo mkubwa kule kwenye shina lake, shika wa kwako wa kushoto uutikise utaona unacheza, kisha tikisa wa kidole cha shahada, umetulia kama nguzo. Sasa ngumi ya stendi ni ya kuzungusha, ya hasira, haiji imenyooka, inatua na upande wa kidole kidogo. Shingo ya mfupa inavunjika, kichwa chake kinainamia upande wa kiganja, ndo maana kifundo unakiona kimepotea. Wazungu wanauita mvunjiko wa bondia, ila bondia aliyefundishwa hapigi na upande huo, ni mvunjiko wa mtu mwenye hasira. Napata hata wanaopiga milango na friji.

Kabla ya eksirei kuna kitu unaweza kuangalia. Kunja vidole vinne taratibu mpaka pale maumivu yanaporuhusu, hata nusu inatosha, angalia kucha kwa mbele. Zote zinatakiwa zielekee sehemu moja, kule chini ya gumba karibu na unapovaa saa. Kama kidole kidogo kinampanda jirani yake au kucha yake inatazama pembeni, mfupa umejinyonga, na kujinyonga hakuvumiliki hata kidogo, hapo daktari wa mifupa lazima aunyooshe, pengine kwa pini. Kuinama ndo kunavumilika. Mfupa wa kidole kidogo hata ukiinama nyuzi 40 hivi mkono bado unafanya kazi vizuri, wakati wa kidole cha shahada au cha kati hata nyuzi 15 unasumbua. Kwa hiyo usishangae daktari akiangalia picha akakwambia tunafunga tu hatupasui, sio kwamba amekupuuza. Kifundo huenda kisirudi kuonekana kama zamani, hilo ni la sura tu.

Ukifungwa angalia umefungwaje. Banzi au P.O.P (ile plasta ngumu) ya hapa inatakiwa ikuache vifundo vya ngumi vimekunjwa karibu pembe mraba na vidole vimenyooka, kama mtu anayeshika sahani kwa chini. Ukifungwa kiganja kimenyooka bapa kama unapiga saluti, kano za pembeni za vifundo zinafupika, ukifunguliwa unakuta ngumi haifungi, na kuirudisha ni miezi ya mimi na wewe tukitoana machozi. Uliza tu kwa heshima, dokta naomba vifundo vikunjwe, hakuna atakayekasirika.

Maji ya moto acha kuanzia leo. Mwambie mama kwa upole kwamba joto siku za mwanzo linaongeza uvimbe, na kwenye kidonda cha jino ndo kabisa. Kukanda na kuchua mfupa uliovunjika kunausogeza. Nina heshima na wazee wanaochua, kuna maumivu ya mgongo wanayaweza, ila mfupa mbichi na jointi yenye mate ya mtu sio yao. Badala yake nunua zile barafu za mfuko, funga kwenye kanga, weka dakika kumi mpaka kumi na tano mara nne kwa siku, mbali na kidonda. Na mkono ukae juu ya moyo, ukilala uweke kwenye mto, ukitembea ushike bega la pili. Ukiuning'iniza kwenye mlango wa gari kutwa nzima utavimba mpaka bandeji ikukate. Na kama una pete kwenye huo mkono, itoe hata kabla hujamaliza kusoma sentensi hii, sabuni au mafuta ya kula, ikigoma waikate huko huko.

Muda sasa. Kidonda kikienda sawa, mfupa unafungwa wiki tatu hadi nne, kisha tunaanza mazoezi ya kukunja na kunyoosha, kazi nzito kuanzia wiki ya sita na kuendelea. Kwa konda maana yake kudaka mlango na kuning'inia kwa mkono wa kulia ni baada ya hapo, chenji unaweza kuhesabu mapema. Ukiendelea kuvuta sigara mfupa unachelewa kuunga.

Huo ukuta wa jamaa yako sasa. Hapana. Ni kweli mfupa unakomaa kwa mzigo, lakini kwa mzigo mdogo mdogo unaoongezwa kwa miezi na miaka na kupumzishwa, na gegedu haikomai kabisa, inasagika tu. Anayepiga zege kila asubuhi anapata ngozi ngumu juu na jointi ya mzee chini. Mwaka 1988 Mike Tyson, akiwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, aligombana usiku na Mitch Green nje ya duka la nguo huko Harlem, New York. Green alikuwa bondia ambaye Tyson alishampiga ulingoni miaka miwili nyuma. Ulingoni, akiwa na bandeji na glavu, alimaliza raundi kumi na mkono mzima. Mtaani akampiga ngumi kavu, na mkono wa kulia wa Tyson ukavunjika. Yule alikuwa na mkono uliofanya mazoezi kuliko wa mtu yeyote unayemjua, na fuvu la binadamu likaushinda. Glavu watu wanadhani ni ya kumhurumia anayepigwa usoni, kazi yake kubwa ni kulinda mkono wa anayepiga. Mimi mwenyewe nilijifunza hivyo nikiwa na miaka 19, mazoezini, nilifunga bandeji haraka haraka bila kuzungusha vizuri kwenye vifundo, mwenzangu akainamisha kichwa nikamkuta kwenye paji la uso, nilisikia mlio ndani ya mkono kama kijiti kibichi. Nilikaa nje mwaka mzima.

Kama unapenda ngumi tafuta jimu ya ngumi hapo mjini, mkono ukishapona, na mtu wa kwanza umuulize namna ya kufunga bandeji, sio namna ya kupiga.

Kitu kingine kwa sababu ya kazi yako. Nyie makonda mnakunjana mashati sana. Ukimshika mtu shati akajichomoa kwa nguvu, kano ya kukunja ncha ya kidole, hasa cha pete, inaweza kung'oka kwenye mfupa. Haiumi sana, haivimbi sana, mtu anaendelea na kazi, wiki tatu baadaye anagundua ncha ya kidole haikunji. Hiyo inatengenezeka kwa upasuaji ukiwahi ndani ya siku kama kumi, baada ya hapo kano imejikunyata imerudi kiganjani na mambo yanakuwa magumu. Mwenzako akikwambia kidole hakikunji mwisho, mpeleke. Na aliyeangukia kiganja akawa anaumia kwenye kale kashimo chini ya gumba anaponyanyua gumba juu, hata eksirei ya kwanza ikisema hakuna kitu arudi baada ya siku 10 mpaka 14 apigwe nyingine, kuna kamfupa hapo kanaficha ufa, na damu inakafikia kwa shida, kakicheleweshwa kanakufa.

Nimeandika sana, we bado hujaondoka. Chukua kadi ya bima kama unayo, na hela kidogo ya eksirei kama huna. Asubuhi kula kitu chepesi tu kisha usile tena mpaka wakuone, maana wakiamua kukuosha chini ya usingizi watakuuliza ulikula saa ngapi. Wakikwambia kalale nyumbani na dawa, uliza urudi lini kukaguliwa, na jibu zuri ni kesho au keshokutwa, sio wiki ijayo. Ukitoka niandikie wamekuta nini kwenye hicho kifundo cha kati, na kama wamekufunga nitumie picha ya banzi kwa pembeni nione vifundo vimekunjwaje.